Maziko ya Pili ya Aron

Mwaka jana tuliletewa maendeleo. Yalikuja kwa gari jeupe, na ndani ya gari alikuwamo Bwana Ismaili, mwenyekiti wa Kamati ya Utalii wa Kumbukumbu, kamati ambayo hatukuwahi kuisikia kabla ya siku ile wala hatujaisikia tena. Alituita kwenye uwanja wa shule ninayofundisha, akatueleza kwamba dunia nzima inaadhimisha miaka themanini tangu kwisha kwa vita kuu ya pili, na kwamba Wazungu siku hizi hawapandi Lushoto kwa ajili ya baridi na matunda peke yake. Wanataka historia. Wanataka kusimama mahali, wanyamaze kidogo, wapige picha, kisha wanywe kahawa.

"Sasa nauliza," akasema, "kijiji hiki kina shujaa yeyote wa vita ile aliyezikwa hapa?"

Sefania, mwenyekiti wetu wa kijiji, hakusita. "Yupo. Anaitwa Aron. Alipigana Bama."

Bama ndiyo Burma, wazee wetu waliirudisha hivyo mdomoni na sisi tukaipokea hivyo.

"Alirudi?"

"Hakurudi. Alifia huko huko."

"Na amezikwa hapa?"

"Amezikwa hapa. Kaburi lake lile pale juu, penye migomba."

Bwana Ismaili akafurahi mpaka akakohoa. Hakujiuliza hata mara moja ni ndege gani ya wakati ule iliyopoteza mafuta yake kumbeba askari mweusi aliyekufa kutoka misitu ya Asia hadi milima ya Usambara. Yeye kwao ni nchi ya mtama, kule bara, na mgomba alikuwa akiujua kwa upande wa ndizi tu. Wala Sefania hakusema uongo. Aron alifia Bama na amezikwa kwetu, na mtu yeyote wa huku angeelewa bila kuuliza.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi, na naliandika kwa sababu limekwisha kutamkwa mbele ya watu. Katika ukoo wetu, mtu akifia mbali na mwili usirudi, wazee hukata mgomba wa urefu wake. Unaoshwa, unavikwa sanda, unalazwa kaburini, watu wanalia, matanga yanakaliwa na kuondolewa. Udongo ukishafunika, ule si mgomba tena. Ni yeye. Na hairuhusiwi kusema vinginevyo, maana ukisema umemfukua: marehemu anaanza upya kuzurura, na walio hai wanaanza upya kumngoja.

Aron alichukuliwa mwaka wa arobaini na tatu. Nasema alichukuliwa, ingawa vitabu tunavyofundishia husema alijiunga. Alikuwa mkulima wa viazi, Mlutheri, mpiga tarumbeta wa usharika, na sina habari kwamba aliwahi kugombana na Mjapani yeyote. Mkewe, Eliza, alibaki na mimba. Mtoto akazaliwa, akaitwa Evelina. Vita vilipokwisha, kila Eliza aliposikia kuna treni inaleta askari, alimfunga mtoto mgongoni akashuka kwa miguu mpaka stesheni ya Mombo, akasimama, akatazama waume za wenzake wakiteremka na mablanketi yao ya jeshi, kisha akapanda tena mlima.

Siku moja akateremka Nikodemo, rafiki wa Aron, aliyechukuliwa pamoja naye. Eliza akamuuliza. Nikodemo akamwambia, "Tulikuwa tunavuka mto, mvua inanyesha, yeye yuko nyuma yangu. Nilipogeuka hakuwepo." Hizo ndizo habari zote alizozileta kutoka vita vya dunia. Na kwa kuwa "hakuwepo" si sawa na "alikufa", Eliza akaendelea kushuka Mombo hata treni za askari zilipokoma, mpaka wazee wakaona huyu naye tutampoteza. Wakakata mgomba. Mchungaji wa wakati ule aliliombea lile kaburi macho yamefumbwa kweli kweli, wala hakuuliza kitu.

Baada ya matanga Eliza hakushuka tena. Mwishowe akaolewa na huyo huyo Nikodemo, wakamzaa mama yangu. Kwa hiyo bila kaburi lile mimi nisingekuwapo kuwasimulia haya. Babu Nikodemo nilimkuta. Mvua kubwa ikinyesha alikuwa anatoka nje, anasimama uani na jembe begani, ametazama bondeni, mpaka ikatike. Bibi alimfuata na gunia la kumfunika. Sisi watoto tulidhani kila babu yuko hivyo.

Basi Evelina ni mama yangu mkubwa. Mwaka jana alikuwa na miaka themanini na moja, na hana hata picha ya baba yake. Ana lile kaburi. Hulipalilia, hulipandia maua, na alfajiri ya Pasaka hulisimamia akiimba na usharika. Wengine walipata baba, yeye alipata kaburi, na alilitunza vizuri kuliko wengi wetu tulivyowatunza baba zetu.

Bwana Ismaili alikuwa na mpango. Kaburi liko kwenye mteremko mkali, na wageni, alisema, wana magoti. Kwa hiyo shujaa angehamishwa, ashushwe barabarani kwenye kona ambapo mabasi yanaweza kugeuza. Pale ungejengwa mnara, kibanda cha kahawa na choo cha kuvuta maji. Wageni wa kwanza, chama cha warithi wa vikosi vya zamani kutoka Uingereza, walikuwa tayari njiani. Tulishangilia choo.

Mama mkubwa hakushangilia. "Baba hatoki," akasema.

Bwana Ismaili hakuwa mjinga kwa watu. Alimwendea nyumbani, akachuchumaa mbele ya kigoda chake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, wenzetu hawa si kama sisi. Hawapotezi mtu. Kila askari aliyekufa wanajua amelala wapi. Hata ukibaki mfupa mmoja, wanajua ni wa nani."

Mama mkubwa akaacha kumenya viazi. "Kila mmoja?"

"Kila mmoja."

"Hata wa Bama?"

"Hasa wa Bama, mama."

Hasa! Mtu huyu hakuwa anajua hata Bama iko upande gani wa bahari. Lakini mama mkubwa alimtazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, macho ya mtoto aliyesikia mlango unafunguliwa. "Nikitaka kuwauliza neno, nitaruhusiwa?"

"Wewe ndiye utakayetoa shukrani mbele ya wageni wote."

"Basi chimbeni," akasema.

Bwana Ismaili alipoondoka nikamfuata mama mkubwa jikoni. "Mama mkubwa, utawauliza nini?"

"Nitawauliza baba yangu yuko wapi."

"Ukiuliza hivyo, itabidi utamke."

"Najua."

Sefania naye akaja, maana ni binamu yake na alikuwa anaanza kujuta. "Dada, nakuomba. Ukitamka umemtoa. Utaanza kushuka Mombo kama mama yako, na kwa miguu hiyo."

"Sefania, mama alikubali mgomba kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Mimi wananijia mpaka mlangoni. Ninyamaze?"

Nilimwogopea mama mkubwa. Mtu aliyekwisha kuzika ana amani yake, ndogo lakini ni yake, na yeye alikuwa anakwenda kuiweka mezani mbele ya wageni.

Walichimba asubuhi, siku moja kabla ya sherehe. Sisi wa ukoo tulisimama pembeni, karibu na kaburi la bibi Eliza, tumekunja mikono, tukitazama vijana wa watu wakitoa jasho. Wakafika kiunoni, wakafika kifuani, wakafika kwenye mwamba. Hakuna kitu.

"Mifupa iko wapi?" akauliza Bwana Ismaili.

Kila mtu akatazama mawingu.

"Udongo wa huku mkali, Bwana," akasema Sefania.

"Mkali kiasi hiki?"

"Unakula hata mbolea."

Wakati huo jeneza lilikuwa limefika kutoka mjini, limepakwa vanishi, lina vishikio vya kung'aa na bendera ya kulifunika, pamoja na mgambo sita waliokuwa wamefanya mazoezi ya kulibeba kwenye uwanja wa mpira. Bwana Ismaili akawaambia wajaribu. Wakaliinua kwa nguvu waliyokuwa wameiandaa kwa ajili ya shujaa, na jeneza likaruka juu ya vichwa vyao. "Hapana," akasema Bwana Ismaili. "Wageni wataona tunabeba hewa." Wakatia mawe, yakagongana kama sufuria jikoni. Wakatia gunia la viazi vyetu, vikabingirika vyote upande mmoja na mgambo wa mbele akapiga magoti. Bwana Ismaili akajifuta jasho, akazungusha macho shambani, na macho yake yakatua mahali.

"Ule," akasema. "Kateni ule mgomba."

Hakuna aliyesogea.

"Jamani, ni kwa ajili ya uzito tu! Ni mzito, ni laini, hautagonga."

Sefania akauliza, "Tukate urefu gani, Bwana?"

"Urefu wa mtu, si jeneza la mtu hili?"

Ukakatwa. Maji yake yakaanza kuchuruzika, na Bwana Ismaili akaona hatari nyingine. "Uosheni kwanza, utomvu usije ukatia doa kwenye bendera." Wazee wawili wakaleta maji, wakauosha, polepole, kutoka juu kwenda chini. "Na uzungushiwe kitambaa, usiteleze." Mama mkubwa akaingia ndani, akatoka na shuka jeupe alilojiwekea mwenyewe kwa siku yake, akalitoa bila neno. Bwana Ismaili akamshukuru kwa moyo wake wa kizalendo. Ukafungwa, ukalazwa ndani, na wazee wakavua kofia. Akafurahi kuona tunaliheshimu jeneza.

Kisha akatukusanya, akashusha sauti. "Ndugu zangu, tuelewane. Humu ndani ni Aron. Kuanzia sasa asitokee mtu wa kusema ni kitu kingine. Jambo hili lisitamkwe kabisa."

"Halitamkwi," wazee wakaitika kwa pamoja.

Sijawahi kuona mtu akitimiza mila yetu kwa usahihi namna ile bila kujua kwamba ipo. Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu mama mkubwa alikuwa amesimama kando ya shimo tupu na machozi yanamtoka. Mara ya kwanza alikuwa mtoto mgongoni, alilala tangu mwanzo hadi mwisho. Safari hii aliona.

Siku ya sherehe watu walijaa kwenye kona. Matarumbeta ya usharika yalipiga, mgambo wakatembea, jeneza likawekwa mbele ya mnara ambao saruji yake bado ilikuwa mbichi. Choo hakikuwa kimefika. Mkuu wa wageni alikuwa Kanali mstaafu, mzee mrefu mwenye fimbo, na kweli alikuwa na magoti. Akamwendea mama mkubwa, akainama, akasema, "Shikamoo, mama," vizuri kabisa, na mama mkubwa akamwitikia marahaba, maana alimzidi umri.

Kanali akahutubia, Bwana Ismaili akatafsiri. Akasema Aron alitoa maisha yake kwa ajili ya uhuru. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza uhuru wa nani, maana sisi tulikuwa bado tunatawaliwa na huyo huyo aliyemtuma, na mkewe akamwambia anyamaze, wageni. Kanali akasema Aron alikuwa mmoja wa wachache waliobahatika kupumzika katika udongo wa nyumbani. Tukapiga makofi. Tumefundishwa kupiga makofi mahali mtu anapovuta pumzi.

Kisha mama mkubwa akaitwa kutoa shukrani. Akasimama, akashika meza.

"Nashukuru kwa bendera," akasema. "Nashukuru kwa jeneza, ni zuri. Nimeambiwa ninyi hampotezi mtu. Mimi baba yangu alichukuliwa nikiwa tumboni. Humu hayumo. Humu mna mgomba, umekatwa jana. Na kule juu alipotolewa kulikuwa na mgomba mwingine, wazee waliuzika nikiwa mgongoni kwa mama. Nimeupalilia maisha yangu yote. Sasa naomba mniambie baba yangu yuko wapi."

Sefania akashika kichwa. Wanawake wakafunika midomo. Bwana Ismaili akamgeukia Kanali, akasema kwa Kiingereza kwamba mama anashukuru sana, na anasema sasa baba yake yuko nyumbani.

Kanali akafuta jicho. Akasema maneno mawili matatu.

"Anasema ahsante, mama, na hawatamsahau milele."

"Sikuuliza habari za kusahau," akasema mama mkubwa. "Nimeuliza yuko wapi." Akanitafuta kwa macho katikati ya watu. "Wewe si mwalimu? Si unajua Kiingereza? Muulize."

Kiingereza changu ni cha darasa la tano, cha hii ni kalamu na yule ni ng'ombe. Bwana Ismaili alinishika mkono wa gauni, akaninong'oneza, "Mwalimu, fikiria kijiji." Nikafikiria kijiji. Nikamfikiria bibi yangu amesimama stesheni na mtoto mgongoni. Nikautoa mkono wangu, nikasema yote, sentensi fupi fupi, kama ninavyosomesha. Mgomba uko humu. Mgomba mwingine ulikuwa kule. Anauliza baba yake yuko wapi.

Kanali akaniomba nirudie. Nikarudia. Bwana Ismaili akakumbuka kwamba hakuna anayesimamia chakula, akaondoka.

Yule mzee alitazama jeneza na bendera yake. Angeweza kusema mengi, watu wa vyeo vile wana maneno ya kila hali. Akavua kofia, akamwambia mama mkubwa kwamba huko Bama kuna kuta zilizoandikwa majina ya wale ambao hawakuonekana.

"Jina la baba limo?" akauliza mama mkubwa.

"Nadhani limo."

"Na yeye?"

Nikatafsiri. Kanali akatikisa kichwa. "Hatujui, mama. Hatukuwahi kujua."

Nilimtafsiria vilevile, bila kuongeza wala kupunguza, na nikauona uso wake unashuka. Nilikasirika, nakiri. Walijua njia ya kuja kumchukua kwenye mgunda wa viazi, juu ya mlima, mahali ambapo hata leo gari la wagonjwa linapotea. Walijua saizi ya viatu vyake. Na mtu mzima na viatu vyake akapotea mgongoni mwa mwenzake, wakasema haya, tuendelee.

Mama mkubwa alisimama vile vile, ameshika meza. Niliogopa ataanguka. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza maji, "Basi hata ninyi hamjui." Akawageukia mgambo. "Wanangu, mnyanyueni. Mrudisheni kwake, kando ya mama."

Bwana Ismaili akarudi mbio. "Mama, mnara umejengwa! Ratiba, mama!"

"Mnara wekeeni wale mnaojua walipo."

Mgambo walitazamana, kisha wakanyanyua. Njia ni mbaya, walipumzika mara kwa mara, na wazee wa ukoo wakawapokea vishikio. Matarumbeta yakafuata. Wageni walibaki kwenye viti vyao chini na maandazi yao, isipokuwa Kanali. Hakuna aliyemwita. Alipanda kwa fimbo na mkono wangu, anasimama, anapanda, na hakulalamika.

Shimo lilikuwa wazi bado. Walipolishusha jeneza, Sefania akamsogelea mama mkubwa. Kwetu lililotamkwa halifutiki kwa kunyamaza, ni lazima aliyetamka aulizwe upya, tena na mtu wa ukoo.

"Dada, tunamzika nani?"

Mama mkubwa alitazama ndani ya shimo. Sote tulijua anaweza kusema mgomba, na kwamba akisema mgomba basi tutafukia shimo na kesho asubuhi atafunga kilemba na kuanza kushuka.

"Baba," akasema.

Akachukua udongo, akautupa. Kanali naye akainama, magoti yake yakalia, akachukua udongo, akautupa. Vijana wakaanza kufukia.

Ndipo mama mkubwa akaita. "Tate!" Kwa Kishambaa, kama wanavyoita watoto jioni baba anapotokea njiani. "Tate! Tate we!" Nimeishi naye tangu nizaliwe, na neno lile sikuwahi kulisikia kinywani mwake akimwita mtu, kwa sababu hakuwahi kuwa na wa kumwita. Alimwita babu Nikodemo kwa jina lake mpaka anakufa. Sasa aliita, ameketi kwenye udongo na miaka yake themanini na moja, aliita mpaka wanawake waliomshika nao wakalia, mpaka sauti ikapasuka.

Kanali alikuwa amesimama kando yangu, kofia mkononi. Akaniuliza kwa sauti ya chini anasema nini.

Nikamwambia anamwita baba yake.